Barua ya Kuomba Kazi

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wake (s.a.w.), twapenda kuzungumza na wazee na vijana wa nyumba zetu juu ya jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni barua ya kuomba kazi. Sisi ni walimu wa chuo hapa Tunduma. Elimu yetu ni ya Kurani na ya shule ya msingi, wala hatuna ofisi. Lakini barua hizo hazikosi kutufikia. Kijana ataka tumsomee kabla hajaipeleka, mzazi ataka dua, na mwingine ataka jina letu liwemo miongoni mwa wadhamini wake. Tumezisoma nyingi, na la kusikitisha ni kuwa karibu zote ni barua moja.

Barua hiyo kila mtu aijua. Yaanza kwa kumwambia mkubwa wa ofisi ahusike na kichwa cha habari hapo juu. Kisha mwandishi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri kadha wa kadha, ana bidii, ana nidhamu, aweza kufanya kazi popote na wakati wowote. Kisha atumaini kuwa ombi lake litakubaliwa. Huchapwa madukani, na mwenye duka hubadili jina na tarehe tu. Tumepata kuona barua ya kijana mwanamume isemayo "mimi ni binti", kwa sababu aliyemtangulia dukani alikuwa binti! Basi karani aliye na rundo la barua za namna hiyo mezani, atamjuaje mwanao?

Na kazi za kuombwa zipo. Mji wetu umekaa mpakani, ng'ambo yake ni Nakonde ya Zambia, na malori yaendayo Zambia na Kongo hupita hapa usiku na mchana. Reli ya TAZARA yapita hapa. Tangu mwaka 2016 tumekuwa na mkoa wetu wa Songwe, makao yake Vwawa, na tangu mwaka 2019 nchi mbili hizi hukagua watu na mizigo katika kituo cha pamoja cha mpakani. Mawakala wa forodha, wenye yadi, wenye maghala na wanunuzi wa kahawa ya Mbozi, wote huhitaji mtu wa kuandika na kuhesabu bila ya kuiba.

Wako wazee wasemao kuwa mtu kujitaja kwa sifa zake ni riya, na kwamba Mtume (s.a.w.) alimkataza Abdurrahman bin Samura kuomba uamiri. Ni kweli alimkataza. Lakini wanavyuoni wameeleza kuwa katazo hilo ni la mtu atafutaye ukubwa kwa tamaa, na hoja yao ni habari ya Nabii Yusuf (a.s.), iliyomo katika Sura yenye jina lake. Yusuf alimwomba mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, akataja mambo mawili: kuwa yeye ni mwenye kuhifadhi, na kuwa ni mjuzi. Mtazame alivyoomba! Alitaja kazi aitakayo kwa jina lake, hakusema "kazi yoyote". Alitaja sifa mbili tu, na zote mbili ni za kazi ile ile. Wala katika ombi hilo hakutaja miaka yake ya gerezani ili mfalme amwonee huruma. Vijana wetu hufanya kinyume: huandika kuwa wao ni mayatima, kwamba nyumbani hali ni ngumu, kana kwamba mwenye ghala agawa sadaka. Mwenye kuajiri ana shida yake, naye ataka kujua kama wewe waweza kuiondoa.

Sisi twaona haya ndiyo kiini cha barua nzima, na yaliyobaki ni adabu. Adabu nayo si ndogo. Mtume (s.a.w.) alipotaka kumwandikia mfalme wa Warumi, aliambiwa kuwa watu wale hawasomi barua isiyo na muhuri, akafanya pete ya fedha yenye jina lake ili ipigiwe muhuri. Basi ukiomba kazi ya serikali kwa Sekretarieti ya Ajira iliyoko Dodoma, na tangazo likataka barua itiwe sahihi, wadhamini watatu watajwe, na vyeti viingizwe kwa mtandao, fanya hivyo hivyo, wala usiseme "wataelewa tu". Hawataelewa.

Kijana mmoja mwanafunzi wetu wa zamani alituletea barua ya kuomba ukarani kwa wakala wa forodha. Alikuwa ameandika habari ya bidii na nidhamu. Tukamwuliza: katika yadi ya mjomba wako ulifanya nini? Akajibu: "Maalim, ile si kazi, nilikuwa nikisaidia tu." Kumbe kwa muda wa miaka mitatu ameandika kila lori liingialo na litokalo, na asema Kinyamwanga na Kibemba mbali na Kiswahili! Yote hayo hakuyaweka, kwa sababu hayana cheti. Tukamketisha, akaandika upya kwa mkono wake, nusu ukurasa: kazi aiombayo, daftari alilolishika na kwa muda gani, lugha azisemazo na madereva, na siku awezayo kuanza.

Wa pili alikuwa mzito zaidi. Baba yake alitaka tuandike kuwa mwanawe amefundisha chuoni kwetu miaka miwili, na hali alifundisha miezi miwili tu. Tulikataa. Mwaka 2017 watumishi wa serikali 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi wakaondolewa kazini, wengine wakiwa wametumika miaka mingi na wana watoto shuleni. Uwongo wa siku ya kuomba kazi huweza kungoja miaka ishirini. Mzee yule hakutupa salamu Ramadhani nzima, nasi jambo hilo lilitutia uchungu, kwani ni jirani.

Baada ya Idi kijana alikuja peke yake, akauliza kama twaweza kumwandikia ile miezi miwili. Tukaandika: alifika kabla ya watoto, aliwafundisha wadogo herufi, na ada alizozipokea alizileta zote pamoja na hesabu yake. Alizisoma sentensi zile mara mbili, akasema hakujua kuwa tulikuwa tukimwangalia.

Jambo moja tusilisahau. Usiandike jina la mdhamini kabla ya kumwomba ruhusa, na ukisha kupeleka barua yako, bakisha nakala moja nyumbani. Ukiitwa kwenye usaili utaulizwa yaliyomo humo, neno kwa neno.