Rufaa na Jinai: Shajara ya Tunduma

Jumatatu, 10 Machi 2025
Mama wa vitenge amekuja ofisini na karatasi mbili. Moja ni makadirio mapya ya ushuru pamoja na adhabu, kwani bei ya kwenye ankara imekataliwa. Nyingine ni wito wa polisi. Kifungu cha 203 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki, 2004, kinatoa kifungo hadi miaka 3 au faini hadi dola 10,000 kwa tamko la uongo. "Mwanangu, nianze na ipi?" Nimeanza na ile yenye saa inayokimbia: siku 30 kumwomba Kamishna wa Forodha apitie uamuzi, akikataa, siku 45 kwenda Bodi ya Rufani za Kodi.

Jumatano, 12 Machi
Naandika hoja, na moyo hautulii. Mbele ya Bodi, mzigo wa kuthibitisha ni wa mlipakodi. Lazima aseme alinunua kwa nani Nakonde, upande wa Zambia, alilipaje, ankara aliandika nani. Kwenye jinai, Jamhuri ndiyo inayothibitisha, na mshtakiwa ana haki ya kunyamaza. Kesi zikienda pamoja, akisema anajifunga; akinyamaza, rufaa inakufa. Mtu asitiwe katika njia panda hiyo.

Ijumaa, 14 Machi, Vwawa
Mwendesha mashtaka ana hoja nzito. "Kaka, shahidi wangu ni dereva. Leo Tunduma, wiki ijayo Lubumbashi. Rufaa ikipanda hadi Mahakama ya Rufani, nitabaki na jalada tupu." Ni kweli, na wapo wanaokata rufaa ili kesi ichakae tu. Nimemwonyesha kifungu cha 4(3) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kilichoongezwa 2023: njia za madai na za kiutawala ziishe kwanza kabla ya jinai. Kwa ninavyokisoma, hakizuii ushahidi kuhifadhiwa.

Jumapili, 16 Machi
Aliyevusha mzigo usiku kwa njia za panya ashtakiwe mara moja. Hapo hakuna bei ya kubishania. Lakini forodha ikiitilia shaka ankara, sheria inairuhusu kukadiria thamani kwa njia nyingine, na kukadiria si kuthibitisha uongo. Mama akishinda rufaa, shtaka limekosa mguu. Akishindwa, bado Jamhuri ithibitishe shtaka. Kesho naandika barua kwa waendesha mashtaka: maelezo ya dereva yachukuliwe sasa, nyaraka zifungwe salama, hati ya mashtaka isubiri Bodi iamue.