Barua kutoka Maskati: Dereva Asiye na Kisa

Mpwa wangu,

Sisi huku wazima, tatizo ni joto tu. Huu mwezi wa sita mchana unaweza kupita nyuzi 45, na usukani wa gari lililoachwa juani haushikiki bila kitambaa.

Picha ya gari lako la Noah nimeiona. Mama yako kanitumia kabla yako. Hongera sana, Mungu akupe riziki nalo. Naona umeliegesha chini ya mwembe, kama wenye magari wote wa Gongoni, huko kwetu Tabora. Kivuli kinalinda dashibodi na matairi, sawa, ila utomvu na mavi ya ndege vinakula rangi. Vioshe siku hiyo hiyo, na umwage maji mengi kabla ya kugusa na kitambaa. Ukifuta vumbi likiwa kavu, unalipiga msasa gari lako mwenyewe.

Mama yako kaniambia pia kwamba utabeba abiria wa Nzega, na kwamba umeshapata fundi mkali, anayeweza kuziba tangi linalovuja kwa kipande cha sabuni na kuliamsha gari porini kwa waya. Sina neno naye, akufae siku ya dhiki. Ninachogombana nacho ni ile tabia yetu ya kumpa sifa zote fundi aliyelitoa gari porini, wakati dereva anayekwenda na kurudi mwaka mzima bila kulala njiani hakuna anayemtaja. Safari zake hazina kisa, nani atazisimulia? Mimi nataka uwe dereva huyo.

Huku nimejifunza jambo hilo kwa kukaa sanaya, mtaa wa magereji wa Wadi Kabir. Mafundi wengi ni Wapakistani na Wahindi. Yupo mmoja ninayempelekea gari langu. Kabla ya kushika spana anaminya mipira ya rejeta kwa vidole viwili, injini ikiwa baridi. Mpira mzima unabonyea na kurudi. Ukiwa mgumu kama umekauka, au ukitoa mlio wa kukwaruza, anautoa, hata kama hauvuji tone. Akimaliza anabandika stika kwenye pembe ya kioo: kilomita za leo, na kilomita za kumwaga oili tena. Tena gari likishazeeka, halipati mulkiya, ile kadi ya usajili, mpaka lipite ukaguzi. Kwa hiyo hata mvivu anatunza, kwa kulazimishwa. Wewe huko usingoje kulazimishwa.

Na usiniambie matunzo ni mambo ya Uarabuni. Mji wetu ulikua kwa kazi hiyo. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika Unyanyembe, huko huko Tabora, imechoka, ikapiga kambi, ikapumzika, ikaajiri wapagazi wapya na kufunga mizigo upya, ndipo ikashika njia ya Ujiji au ya Karagwe. Stanley alitoka pwani Machi 1871 akafika Tabora Juni. Alikaa zaidi ya miezi miwili kabla ya kuendelea kumtafuta Livingstone. Vita vya Mtemi Mirambo vilimchelewesha, lakini hata msafara usio na vita haukupita Tabora bila kujipanga. Njia hiyo ndefu ilikuwa na kituo chake cha matengenezo, na kituo chenyewe kilikuwa kwetu.

Sasa tuje kwenye Noah. Kwenye picha naona ni ile ya zamani, yenye injini chini ya viti vya mbele. Hapo ndipo penye mtihani, maana kuikagua injini ni mpaka uinue kiti, na mtu mwenye haraka ya abiria hainui kiti. Fanya alfajiri kabla hujatoka, injini ikiwa baridi na gari likiwa sehemu tambarare.

Anza na maji. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya bahari, na huko maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, wakati hapa Maskati ufukweni yanafika 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya rejeta ni mambo mawili: kulanti, na mfuniko wenye springi unaobana presha. Ukijaza maji ya bomba kila siku unaongeza kutu na magamba kwenye vinjia vya rejeta. Mpira wa mfuniko ukilegea, presha inatoroka. Mfuniko ni kitu cha bei ndogo, badilisha. Na usiufungue injini ikiwa ya moto hata abiria wakikupigia kelele. Maji yale yanaruka na kubabua uso.

Siku gari likichemsha, kuna fundi atakayekwambia, "Hii themostati ndiyo mbaya, tuing'oe." Ukikubali, mshale utashuka na wewe utafurahi. Lakini themostati kazi yake ni kuiacha injini ipate joto linalotakiwa, kisha ndiyo ifungue maji yazunguke. Bila hiyo, injini inakimbia ikiwa na ubaridi, inakula mafuta zaidi na kulika mapema, na ugonjwa wenyewe, feni au rejeta iliyoziba, unabaki pale pale. Mwambie aweke mpya, kisha atafute ugonjwa.

Oili: chomoa kijiti, kifute, kirudishe, kichomoe tena ndipo usome. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Usiwashe gari, ita fundi. Usijaze nambari 40 kwa sababu tu ndiyo ya bei nafuu dukani. Angalia kitabu cha gari kinataka ipi. Kwa vumbi la huko na abiria wa kutwa, mwaga kila kilomita 5,000 pamoja na filta. Filta ya hewa ipulize kutokea ndani kwenda nje, na usiioshe kwa petroli. Ile ni karatasi.

Injini yako, kama ni 3S, ina mkanda wa taimingi, siyo cheni kama Noah zilizotoka kuanzia mwisho wa 2001. Mkanda unabadilishwa kila kilomita 100,000. Wajapani mara nyingi hubandika stika karibu na injini yenye kilomita za mara ya mwisho; itafute. Usipoiona, hesabu kwamba haujabadilishwa, maana ukikatika injini inazima pale pale, na kati ya Tabora na Nzega hapana sabuni itakayousaidia.

Betri, joto linaiua kuliko baridi. Huku miaka miwili mitatu tunaagana nayo. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vyake, zima gari, mimina maji ya moto polepole, kausha, kaza, paka grisi. Ukiongeza maji, yawe maji ya betri, siyo ya kisima.

Nimeyaacha matairi mwisho kwa makusudi, kwa sababu hayo yanabeba roho za watu. Kiwango cha upepo kimeandikwa kwenye stika ya fremu ya mlango wa dereva. Pima asubuhi kabla hujatembea. Tairi lenye upepo mdogo linabonyea na kurudi kila mzunguko, linapata joto, nyuzi za ndani zinaachana, linapasuka ukiwa mwendo kasi na watu wamejaa. Halafu soma ubavuni, mwisho wa mstari wa herufi za DOT, utaona namba nne. Ikiwa 2316, lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Matairi ya mtumba huweza kuwa na kashata (meno) nzuri yakiwa yamezeeka, na kashata ndiyo muuzaji anayokuonyesha.

Haya yote kwa jumla hayazidi dakika kumi za alfajiri, na fedha kidogo unayoiweka pembeni kila jioni kabla ya kugawa mapato. Fungua daftari, uandike kilomita na kilichobadilishwa. Siku utakapotaka kuliuza, daftari hilo litakuongezea bei.

Msalimie mama yako na wote wa nyumbani. Jioni hii nitumie picha za namba nne za kila tairi, na la akiba usilisahau. Yaliyozeeka nitachangia mawili mwisho wa mwezi. Oili ni juu yako.

Mjomba wako,
Maskati