Kelele Niliyoikataa

Mwaka 2021 mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya kwanza aliniletea pendekezo la utafiti. Alitaka kuandika juu ya Duma, albamu ya wasanii wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, iliyorekodiwa Kampala mwaka 2019 na kutolewa Agosti 2020 na lebo ya Nyege Nyege Tapes. Niliisikiliza kwa dakika mbili. Ngoma za kompyuta zilikimbizana, gitaa likakwaruza, na juu yake mtu akapiga mayowe nisiyoambulia hata neno moja. Nikamrudishia karatasi zake: "Hii ni kelele. Tafuta mada yenye tija."

"Sawa, Dokta," alijibu. Akaandika juu ya huduma za fedha kwa simu, akafaulu.

Desemba ile nilikwenda nyumbani Mpanda. Reli ya kutoka Kaliua ililetwa kwetu na wakoloni kwa ajili ya madini ya risasi. Siku hizi vijana wa Katavi wanahangaikia dhahabu. Jirani na kaka yangu kuna karasha linalosaga mawe tangu alfajiri. Wanaolihudumia hawana cha kuziba masikio, na hata wakiwa mezani husemezana kwa kufoka, kwa kuwa wamekwisha kuwa viziwi nusu. Siku ya tatu shemeji aliniuliza kama linaninyima usingizi. Nikamjibu kwamba nimelizoea.

Jibu hilo lilinifedhehesha. Sauti inayoharibu masikio ya vijana nilikuwa nimeivumilia kwa siku tatu kwa sababu inaitwa uzalishaji. Sauti waliyoitunga vijana wenyewe niliikataa kwa dakika mbili.

Jioni nikaketi uani nikaisikiliza albamu yote, nyimbo tisa. Kwetu duma ni mnyama mwenye mbio. Kwa Kikuyu, lugha lilikotoka jina hilo, ni giza. Nilisikia vyote viwili: mbio zisizo na pa kupumzikia, na mtu anayeita kutoka mahali pasipo na taa. Sikuipenda, wala simshurutishi msomaji aipende. Lakini mtu akipiga yowe usiku, jirani hatoki kukagua ufasaha wa maneno yake. Anatoka kuuliza kumetokea nini. Mimi, mwenye shahada ya uzamivu, nilikagua ufasaha.

Kosa hili si langu peke yangu. Singeli ilipoibuka uswahilini Dar es Salaam, Tandale na Manzese, wengi wetu tuliiita uhuni. Leo inapigwa kwenye mikutano ya kampeni, na waliokuwa wakiikemea wanaicheza jukwaani. Hatukuielewa zaidi. Tuliona tu kwamba ina watu. Mtumishi wa umma anayesubiri kijana awe na umati ndipo amsikilize amechelewa, na mwalimu anayefanya hivyo amechelewa zaidi, kwa sababu kijana alimfuata ofisini.

Niliporudi kazini nilimpigia simu mwanafunzi yule, alikuwa amekwisha kuhitimu. Nikamwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza:

"Dokta, uliisikiliza mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Mimi zile karatasi nilishazitupa," akasema, kwa upole, kama anayenifariji.