Hati ya Matunzo

Karatasi iliyonipeleka Nyeri haikuwa cheti cha ndoa wala barua ya mapenzi. Ilikuwa amri ya mahakama ya mwaka 1961, inayomtaka Mzungu mmoja, msimamizi wa shamba upande wa Naro Moru, alipe matunzo ya mtoto aliyemzaa na mpishi wake. Mtoto huyo ni mama yangu. Mpishi ni bibi, aliyefariki kabla sijazaliwa. Mzungu naye alikuwa Myahudi wa Ujerumani aliyemkimbia Hitler.

Mimi ni wa Mombasa. Mpaka mwezi Julai nilipofunga safari, Nyeri kwangu ilikuwa jina ambalo mama aliliandika kwenye fomu, penye mahali pa kuzaliwa, kisha akageuza ukurasa. Alishuka pwani akiwa msichana, akaolewa, hakurudi. Nilipomwambia nataka kwenda kwao alinitazama kitambo, akasema, "Beba sweta."

Nilipanda treni hadi Nairobi, nikalala kwa rafiki, asubuhi nikaingia matatu ya Nyeri. Baada ya Kenol nyanda zilikwisha tukaanza milima, na udongo ukawa mwekundu kama wa Taita. Sagana, kisha Karatina, ambako abiria nusu walishuka na magunia matupu kuelekea sokoni. Marua tuliacha barabara ya Nanyuki tukakata kushoto. Niliuliza Mlima Kenya uko wapi. Mzee aliyeketi kando yangu aliyanyooshea kidole mawingu. "Huo hapo," alisema. "Huonwa na wanaoamka mapema."

Mjomba alinipokea stejini. Ni mdogo wake mama kwa tumbo moja, baba mbalimbali. Baba yake ni Mkikuyu aliyemwoa bibi baadaye. Alinipa mkono, akanishika bega, akaniuliza habari za kila mtu wa Mombasa kwa jina, watu ambao hajawahi kuwaona. Nyumbani kulikuwa na mukimo na chai ya maziwa matupu. Nilijifunga leso mbili juu ya sweta na wajukuu wake wakacheka.

Jambo lenyewe nilimweleza usiku ule, jikoni, penye moto. Tarehe 25 Novemba 1941 serikali ya Hitler iliwanyang'anya uraia Wayahudi wote wa Ujerumani waliokuwa wakiishi nje ya nchi. Waliokuwa Kenya walijikuta si wa huko wala si wa hapa. Tena vita vilipoanza mwaka 1939 Waingereza walikuwa wameshawatia kizuizini kwa kuwa ni Wajerumani! Katiba ya Ujerumani ya mwaka 1949, ibara ya 116, ikasema walionyang'anywa, pamoja na vizazi vyao, warudishiwe wakiomba. Ila kwa miaka mingi mtoto wa nje ya ndoa aliyedai kupitia baba aliambiwa yeye hahesabiki. Mei 2020 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilisema hapana, naye ni kizazi. Hapo ndipo mlango wetu ulipofunguka, kwa sharti moja: ubaba uwe umethibitishwa kisheria.

Thibitisho hilo mama wa Kikuyu angelitoa wapi? Wazungu wa Kenya walisajiliwa vizazi na vifo vyao tangu mwanzo wa karne ya ishirini. Usajili wa lazima ulienea nchi nzima mwaka 1971 tu. Kijiji kizima kingeweza kujua baba wa mtoto ni nani na karatasi isijue.

Bibi alipata mwanya mdogo. Mwaka 1959 Kenya ilipitisha sheria ya kumruhusu mama asiyeolewa kumshtaki baba wa mtoto ili atoe matunzo. Haikudumu. Mwaka 1969 ilifutwa na Bunge lisilokuwa na mwanamke hata mmoja. Katika miaka hiyo kumi, mwanamke asiyejua kusoma alimpeleka mwajiri wake mbele ya hakimu, katika mji ambao Dedan Kimathi alihukumiwa kifo Novemba 1956, na akashinda. Kama kulikuwa na mapenzi baina yao sijui, na mjomba hajui. Nashuku mwanamke anayependwa hahitaji hakimu.

Kesho yake mjomba alinitembeza. Tulipita hoteli ya Outspan, alikoishi na kufia Baden-Powell wa maskauti, kisha akanipeleka Mathari kwenye kanisa la ukumbusho la Waitalia. Wamezikwa humo mamia ya askari waliofia Afrika Mashariki, pamoja na Amedeo, Duke wa Aosta, aliyekufa mfungwa Nairobi mwaka 1942. Wafu wana majina na nafasi zao ukutani. Italia, nikamwambia, ilibana sheria yake mwaka 2025: sasa uraia wa damu kwa wazaliwa wa nje kwa kawaida hauvuki babu na bibi. Mjomba alisoma majina kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. "Wa kwetu wa wakati ule," alisema, "hawana hata ubao."

Tuliporudi alilitoa bati la biskuti chini ya kitanda. Amri ilikuwa ndani, imekunjwa mara nne, muhuri bado unasomeka, pamoja na stakabadhi za malipo za miezi kadhaa. Baada ya hapo hakuna. Inaelekea yule Mzungu alihama. Nilitaka kuichukua. Mjomba akaweka kiganja juu yake.

"Wewe utapata pasipoti ya Ulaya," alisema. "Dada yangu pia, akitaka. Na wanangu?"

Nilimwambia ukweli: wao hawapati kitu. Bibi ni mmoja, lakini Ujerumani inamfuata babu. Binti mkubwa wa mjomba, muuguzi aliyekuwa akijifunza Kijerumani apate kazi huko kwa njia yake mwenyewe, alinyanyuka akaenda kukamua ng'ombe.

Mama hataki. Anahofia kuupoteza Ukenya, ingawa nimemsomea katiba ya 2010 inayosema raia wa kuzaliwa haupotezi kwa kupata uraia mwingine. Si lazima atangulie. Kila mtu wa kizazi huomba kivyake. Bado ni lazima hati halisi ionekane katika ubalozi wa Ujerumani, Riverside, Nairobi, na hapo ndipo mazungumzo yalipokwama mpaka usiku.

Mwishoni mjomba alilifunga bati kwa kamba ya katani. Mama yake, alisema, alibeba karatasi ile kwa miguu kutoka mahakamani, na haitatoka nyumba hii mikononi mwa mtu mwingine. Tulipanda matatu ya saa kumi na moja alfajiri, yeye dirishani, bati mapajani, akanilipia nauli.