Na mtoto nyuma hadi Sturgis
Baba anayempakia mwanawe kwenda tamasha la pikipiki la Sturgis, Marekani, lililoanza mwaka 1938, apange safari kwa kufuata mgongo wa mtoto, si tangi la mafuta. Barabara ya Iron Mountain ni maili 17 tu, ila ina kona 314, na mahandaki yanayoonyesha Mlima Rushmore kama picha ndani ya fremu. Mtoto akichoka husinzia, na anayesinzia huachia mikono. Apite asubuhi, maana mchana wa Agosti huweza kuleta radi na mvua ya mawe. Sheria ya South Dakota humlazimu aliye chini ya miaka 18 kuvaa helmeti. Baba ameachiwa hiari, na mwanawe anamtazama. Nyati wakiziba barabara kule Custer, wasubiri mbali, hata nusu saa.