Namba ya Kitabu Iwe Yako

Tanga

Mpwa wangu Zuhura,

Mswada wako umenifikia salama na nimeumaliza kwa siku tatu. Ile sura ya bibi anayesuka ukili usiku wa kuamkia harusi nimeirudia mara mbili. Hadithi imeiva, sina la kuongeza. Ninachotaka kusema kinahusu jalada la nyuma.

Kwenye simu ulinieleza kwamba yuko mtu wa matbaa atakayekuchapia kitabu, akupe bure ISBN, yaani namba ya kitabu, na kukisambaza yeye mwenyewe. Kabla hujatia saini, sikia yaliyonipata mimi.

Mwaka 1998 nilichapa kitabu changu cha hadithi za watoto, nakala 500. Mwenye matbaa aliweka namba yake, nami sikuuliza, kwani niliiona kama pambo tu. Miaka minne baadaye maktaba moja ya nje ilitaka nakala 40. Wakakitafuta kwa namba, likatokea jina la matbaa, wakaandika barua kwa sanduku la posta la matbaa. Matbaa yenyewe ilikuwa imeshafungwa. Habari zilinifikia mwaka mzima baadaye, kupitia mwalimu mwenzangu aliyekutana na mkutubi wao. Wakati wote huo nakala zaidi ya 200 zilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda nilicholalia. Hadi leo jambo hilo linaniuma.

Ndipo nilipojifunza kuisoma namba. Siku hizi ina tarakimu 13. Zamani zilikuwa 10, zikaongezwa mwanzoni mwa 2007. Inaanza na 978 au 979, kisha tarakimu za nchi au lugha: ukiona 9976 au 9987 ujue kitabu kimetoka Tanzania, na 9966 ni Kenya. Zinazofuata ni za mchapishaji, halafu za kitabu chenyewe. Hizo za mchapishaji ndizo za kuziangalia. Aliyeandikishwa hapo ndiye atakayetafutwa na muuza vitabu, hata kama hajaandika neno moja la kitabu chako.

Basi nenda mwenyewe Maktaba Kuu, Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, uwaone Bodi ya Huduma za Maktaba. Hao ndio wanaotoa namba kwetu. Marekani kazi hiyo imeshikwa na kampuni, Bowker, na namba moja huuzwa dola 125. Huku kwetu ni kazi ya maktaba ya taifa. Omba zaidi ya moja. Kitabu cha jalada laini kinataka namba yake, cha jalada gumu yake, na kitabu pepe cha EPUB yake. Ukichapa tena bila kubadili kitu, namba inabaki ileile. Ukiongeza sura, hilo ni toleo jipya na linataka namba mpya. Wala usidhani namba inakulinda na wezi wa maandishi. Hakimiliki ni habari nyingine, na ofisi yake ni COSOTA.

Umeniuliza pia kuhusu Amazon. Nao hutoa namba ya bure kwa kitabu cha karatasi, ila haitumiki nje ya kwao, na mahali pa mchapishaji wataandika kwa Kiingereza kwamba kimechapishwa kwa kujitegemea. Kitabu pepe cha Kindle hakihitaji ISBN kabisa. Wana alama yao wenyewe. Wakikuuliza kama unataka mpango wao uitwao KDP Select, fahamu kwamba kwa siku 90 kitabu pepe hicho hakitauzwa pengine popote, na muda huo hujirudia wenyewe usipouzuia.

Kwenye fedha, tupige hesabu. Tuseme kitabu cha karatasi umekiwekea Amazon bei ya dola 12 na kukichapa nakala moja ni dola 3. Wakikiuza dukani kwao unapata asilimia 60 ukitoa gharama ya kuchapa: 7.20 toa 3, zinabaki 4.20. Kikipitia usambazaji wao wa nje ya duka, ni asilimia 40, na zinabaki 1.80. Tena Marekani hukata kodi ya asilimia 30 kwenye mrabaha wa mwandishi wa nchi isiyo na mkataba wa kodi nao, na sisi hatuna. Sikukatazi. Unao wasomaji Minnesota na Muscat, na hao kuwatumia vitabu kwa posta ni ghali. Ila ingia na namba yako mwenyewe.

Lakini wasomaji wako wengi wako Kariakoo, Mwanza, Morogoro. Huko kitabu kinakwenda kwa mali kauli: unamwachia mwenye duka, anakulipa kikiuzwa. Usimwachie 50 kwa mara moja. Mwachie 10, aandike risiti yenye idadi, bei, fungu lake na tarehe ya kurudi kuhesabu, kisha urudi siku hiyohiyo. Ndivyo nilivyofanya na kitabu cha pili, na sikupoteza hata nakala moja. Huyo wa matbaa mwache achape, umlipe kwa kuchapa. Akitaka na kusambaza, andikianeni mkataba wa mwaka mmoja, usio na neno la "yeye peke yake".

Jalada likishapangwa, kagua namba kwa penseli. Zidisha tarakimu ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, ya nne kwa 3, hivyo hivyo hadi ya 13, kisha jumlisha. Jumla isipoishia na sifuri, pana tarakimu iliyokosewa. Kisha nitumie picha ya jalada hilo kwenye simu kabla mashine hazijawashwa, nami nihesabu upande wangu.

Msalimie mama yako.

Mjomba wako