KUTOKA ENTEBBE HADI JINJA: MGENI WA GOFU NA MASHINDANO YA WAZI

Mji wa Entebbe umekaa juu ya rasi inayoingia ndani ya Ziwa Viktoria, mwendo wa kilomita zipatazo 40 kutoka Kampala. Jina lake limetokana na neno la Kiganda lenye maana ya kiti, na kweli katika zama za ukoloni hapo ndipo palipokuwa kiti cha serikali. Si mbali na Bustani ya Mimea, ambayo ilianzishwa mwaka 1898, nyasi za kijani huteremka taratibu kuelekea upande wa ziwa, na juu ya nyasi hizo watu wamekuwa wakicheza gofu tangu mwanzoni mwa karne ya 20.

Siku zile Mwafrika aliingia uwanjani humo, kwa kawaida, kwa mlango mmoja tu: kubeba mkoba wa fimbo za Mzungu. Hata hivyo macho hayana kizuizi. Vijana waliobeba mikoba walitazama, wakajifunza, na jioni wakajaribu kwa fimbo kuukuu au kwa tawi la mti. Katika Afrika ya Mashariki wachezaji wengi hodari walianzia hapo. Leo uwanja hauulizi tena rangi ya mtu. Askari, polisi, mwalimu, mfanyabiashara, mke na mume, kila mmoja aweza kujiunga na klabu, akajifunza mchezo, na siku moja akaliona tangazo limebandikwa ubaoni: Mashindano ya wazi, wote mnakaribishwa.

Hapo ndipo moyo wa mgeni wa gofu huanza kwenda mbio. Je, na yeye ni miongoni mwa hao "wote"?

NENO "WAZI" NA MAANA YAKE

Mashindano huitwa ya wazi kwa sababu hayafungiwi wanachama wa klabu moja. Mtu wa Mbarara aweza kwenda kushindana Entebbe, na wa Mbale akaenda Fort Portal. Lakini nyumba iliyo wazi nayo ina kizingiti. Yako mashindano ya taifa, ambamo hutakiwa wachezaji wa kiwango cha juu, na yako mashindano ya wazi ya klabu, ambamo washindani hugawanywa katika makundi kwa kadiri ya uwezo wao. Mgeni wa mchezo mahali pake ni katika haya ya pili. Basi jambo la kwanza ni kusoma tangazo mpaka mwisho: kiwango kinachokubaliwa, makundi, namna ya kuhesabu, ada na siku ya mwisho ya kujiandikisha.

Asiyesoma masharti haya, au anayeyapuuza, huweza kujitia aibuni. Mwaka 1976 huko Uingereza, Maurice Flitcroft, fundi wa kuendesha winchi katika bandari ya kuundia meli ya Barrow-in-Furness, alijiandikisha kwa mashindano makubwa ya wazi ya nchi hiyo. Hakuwa na kiwango chochote kilichothibitishwa na klabu, kwa hiyo akajaza fomu kana kwamba yeye ni mchezaji wa kulipwa. Katika mchujo uliofanyika Formby alipiga mikwaju 121, yaani 49 zaidi ya kipimo cha uwanja. Magazeti yalicheka, wakuu wa mchezo wakakasirika, na washindani waliopangwa naye wakaharibikiwa na siku yao. Ujasiri wake wengi waliusifu, na mpaka leo wako wanaompenda. Lakini hao wenziwe waliokuwa wamefanya mazoezi mwaka mzima walikuwa na haki ya kunung'unika.

HANDIKAPU, MIZANI YA MCHEZO

Gofu ina hekima moja ambayo michezo mingi haina: mnyonge na hodari waweza kushindana kwa haki siku moja, uwanja mmoja. Kinachowasawazisha ni handikapu, yaani idadi ya mikwaju ambayo mchezaji husamehewa. Uwanja kamili una mashimo 18, na aghalabu kipimo chake ni mikwaju 72 au karibu na hapo. Mwenye handikapu ya 36 husamehewa mikwaju miwili kwa kila shimo. Akimaliza kwa mikwaju 108, hesabu yake halisi ni 72, na amelingana na bingwa aliyepiga 72 bila msamaha wowote.

Tangu mwaka 2020 nchi nyingi za dunia hufuata utaratibu mmoja wa handikapu. Kiwango cha juu kabisa ni 54, kwa wanaume na wanawake sawasawa. Ili kupata handikapu ya kwanza, mchezaji hutakiwa kurudisha kadi za jumla ya mashimo 54, yaani mizunguko mitatu kamili, au sita ya mashimo 9. Kisha, kadi zake zikifika 20, huchukuliwa zile 8 zilizo bora na kutafutwa wastani wake. Basi mtu hupimwa kwa siku zake njema. Hapimwi kwa siku aliyoamka na homa.

Kwa mgeni wa mashindano, namna ya kuhesabu iliyo nafuu kuliko zote ni ile ya pointi, ambayo daktari Mwingereza Frank Stableford aliifanya ijulikane mwaka 1932 katika klabu ya Wallasey. Baada ya kutoa msamaha, anayelingana na kipimo cha shimo hupata pointi 2, anayezidi kwa mkwaju mmoja hupata 1, na anayepunguza mmoja hupata 3. Aliyeharibikiwa kabisa hapati kitu. Huuokota mpira wake na kwenda shimo linalofuata. Maafa ya shimo moja hayaui siku nzima. Mwenye kukusanya pointi 36 amecheza sawasawa na kiwango chake, naye aweza kurudi nyumbani kichwa juu.

KITANTE, BONDE KATI YA VILIMA

Kutoka Entebbe msafiri huja Kampala. Katikati ya jiji, bondeni baina ya kilima cha Nakasero na kile cha Kololo, upo uwanja wa Kitante. Upande mmoja kuna kelele za magari na majumba marefu. Upande wa pili Kololo, mahali ilipopandishwa bendera ya uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, ambapo askari wengi wamepiga gwaride mbele ya taifa. Katikati ya yote hayo kuna ndege, miti mikubwa na ukimya.

Ukimya huo ni sheria. Mwingine anapopiga, wote husimama kimya na kutulia. Anayeng'oa kipande cha nyasi hukirudisha. Anayeingia katika mtego wa mchanga husawazisha nyayo zake kabla ya kutoka. Mpira ukielekea walipo watu, aliyeupiga hupaza sauti mara moja kuwaonya. Hakuna askari mwenye nidhamu atakayeona mambo haya kuwa mageni.

Saa nayo ina sheria zake. Kila kundi hupangiwa dakika ya kuanza. Anayechelewa kwa muda usiozidi dakika 5 huongezewa mikwaju miwili. Akizidi hapo, kwa kawaida huondolewa. Mpira uliopotea hutafutwa kwa dakika 3 tu. Zamani zilikuwa 5, hadi kanuni zilipobadilishwa mwaka 2019. Mkoba usizidi fimbo 14. Na mgeni, ambaye amezoea kuuliza kila jambo, aelewe kwamba siku ya mashindano haruhusiwi kumwuliza mshindani mwenziwe apige kwa fimbo gani. Ushauri huo aweza kuupata kwa mbeba mkoba wake.

Basi mbeba mkoba ni mtu wa kuheshimiwa. Yeye anajua upepo, anajua uwanja wa shimo unavyoteremka, na mara nyingi anajua mchezo kuliko anayemlipa. Mgeni mwenye busara humsikiliza, na ujira wake hupatana naye kabla ya kuanza, ili jioni pasiwe na ugomvi.

JINJA NA NYAYO ZA KIBOKO

Mwendo wa kilomita zipatazo 80 mashariki ya Kampala, baada ya mashamba ya miwa na chai na msitu wa Mabira, ndipo Jinja, mahali Mto Naili unapoliaga Ziwa Viktoria. Tangu mwaka 2018 msafiri huvuka mto kwa daraja jipya la nyaya. Mji una viwanda, una kambi za jeshi, una barabara pana zenye kivuli. Na karibu na maji una uwanja wa gofu ambao sifa yake imevuka bahari.

Sifa hiyo imeletwa na kiboko. Mnyama huyu hukaa majini mchana, na usiku hutoka kutafuta majani. Uzito wake huacha nyayo zenye kina, na mpira ukitumbukia ndani yake hautoki kwa mkwaju wa kawaida. Ndipo klabu ya Jinja ikaweka kanuni yake yenyewe, kwamba mpira ulioingia katika unyayo wa kiboko waweza kuokotwa na kuangushwa kando pasipo adhabu.

Wageni hulichukua jambo hilo kuwa kichekesho, lakini lina somo ndani yake. Kanuni za jumla humpa mchezaji nafuu kwa tundu lililochimbwa na mnyama. Unyayo tu hauhesabiwi kuwa tundu. Asiyejua kanuni ya mahali angepiga na kupiga, akimaliza mikwaju yake bure. Kila uwanja una mambo yake: mfereji, barabara, ua, miti michanga iliyolindwa. Yote huandikwa katika karatasi inayotolewa mezani asubuhi, au nyuma ya kadi. Mwenda kwa watu huuliza desturi za huko kabla ya kuvunja chungu.

Tena kuna radi. Kando ya Ziwa Viktoria mawingu hukusanyika upesi. Kanuni zinamruhusu mchezaji kusimamisha mchezo papo hapo akiwa na sababu ya kuamini kuwa kuna hatari ya radi, bila kungoja kibali cha mtu. Mwavuli uwe wa mvua ya kawaida. Radi ikinguruma, kila mmoja akimbilie nyumba imara, wala asijifiche chini ya mti.

KADI HAIJUI CHEO

Katika gofu mwamuzi hayuko nyuma ya kila mchezaji. Mshindani mmoja huandika mikwaju ya mwenziwe, na mwisho wote wawili hutia sahihi. Kapteni aweza kuandikiwa kadi na koplo, naye koplo ataandika kile alichokiona. Sahihi ikishawekwa, hesabu ndogo kuliko ile ya kweli kwa kawaida humwondoa mtu mashindanoni. Hesabu kubwa kuliko ya kweli hubaki hivyo hivyo.

Roberto De Vicenzo wa Argentina aliionja shubiri hiyo mwaka 1968 huko Augusta, Marekani, siku aliyotimiza miaka 45. Shimo la 17 alilimaliza kwa mikwaju 3, mwenziwe akaandika 4, naye akatia sahihi bila kuhakiki. Kwa mkwaju huo mmoja wa karatasini alipoteza nafasi ya kurudiana na Bob Goalby, aliyetwaa ubingwa. Bobby Jones naye, mwaka 1925 katika mashindano ya wazi ya Marekani, alijitoza mkwaju wa adhabu kwa mpira uliosogea kidogo mbele ya fimbo yake, ingawa wengine hawakuuona. Alimaliza sawa na Willie Macfarlane, na katika marudiano akashindwa. Kombe lilikwenda kwa mwingine. Heshima ya Jones ingali inasimuliwa baada ya karne nzima.

Jaribu la mgeni liko kichakani, mahali asipoonekana na mtu, mpira ukiwa umekaa vibaya. Liko pia katika handikapu. Mwenye kuficha uwezo wake ili asamehewe mikwaju mingi na kubeba zawadi, amewaibia wenziwe. Klabu ndogo watu hujuana, na jina baya husafiri upesi kuliko gari la moshi.

MAMBO YA NYUMBANI

Mchezo huu una gharama, na gharama hiyo hutoka katika chungu kile kile kinacholisha watoto. Ada ya mashindano, ujira wa mbeba mkoba, nauli, malazi na mipira itakayopotea: yote yahesabiwe na mume na mke mezani kabla jina halijaandikwa. Anayeanza hahitaji fimbo 14. Saba zilizotumika zamani zatosha. Hahitaji pia mashindano yote ya mwaka. Mawili yaliyo karibu, katika uwanja anaoujua, ni bora kuliko safari sita za mkopo.

Mzunguko wa mashimo 18 huchukua saa nne au zaidi, na jua la Ikweta halina huruma. Kofia, maji ya kutosha, ndizi mbili tatu na karanga hufaa kuliko chakula kizito. Jamaa wanaosindikiza nao wapangiwe siku yao: Entebbe kuna Bustani ya Mimea na bustani ya wanyama, Jinja kuna mto wenyewe. Kisha jioni wote hukutana kwenye zawadi. Aliyeshika mkia asitoroke. Akae, awapigie makofi washindi, awashukuru wenyeji na waliotunza uwanja.

Wahenga wamesema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Kadi ya siku hiyo, hata ikiwa mbaya kiasi gani, itaingia katika hesabu ya handikapu yake, na mwaka utakaofuata itamwonyesha mchezaji kwa tarakimu amesogea hatua ngapi. Kwa hiyo airudishe, ikiwa kamili na imetiwa sahihi, kabla hajavua viatu.